Mwanzi Uliokatwa Bila Mbeta

Njombe, Jumanne jioni

Mwanangu Zawadi,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Umevaa koti langu kwa sababu lako umekwisha kulifungia ndani ya begi, na umefunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Zamani ulikuwa unaubamiza nikakugombeza. Leo umeufunga polepole, na hilo ndilo limenikalisha hapa mezani.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na joto la Manda uendako kufundisha sitaziandika. Nimekwisha kuzisema mpaka umezikariri. Juzi nilikusikia ukiigiza sauti yangu mbele ya Mama Sara: "Zawadi, ziwa si beseni, usiingie mpaka uulize wenyeji." Mkacheka wote wawili. Nilikuwa dirishani, nikacheka pia, ila kimoyomoyo.

Nakuandikia habari za Jumamosi. Tangu turudi kutoka Makambako sijakuambia neno lisilohusu mizigo. Jana ulisimama mlangoni mwa jiko ukasema, "Mama, kama nimekosea kukupeleka kule, niambie." Nikakujibu, "Kahesabu mashuka." Mashuka yako ni mawili, Zawadi. Hayahitaji kuhesabiwa.

Hukukosea. Nataka ulisome hilo kwanza, hata kama mengine utayasomea garini. Kilichonipata ni mshtuko, na bado sijatoka ndani yake. Unanijua nilivyo mtu wa utaratibu. Nimeandika shajara tangu nilipoingia kidato cha kwanza, kila siku na tarehe yake; siku isiyo na jambo niliandika hali ya hewa. Ukurasa wa Jumamosi una tarehe tu. Wa Jumapili una tarehe tu. Nilishika kalamu, nikautazama ukungu pale dirishani, nikashindwa hata kuandika kwamba kuna ukungu.

Uliponiletea tiketi nilikataa, unakumbuka. Ulisema, "Mama, nimepata kazi, sasa ni zamu yangu kukutoa matembezi." Nikasema mimi na muziki wapi na wapi. Mama Sara, ambaye haachi kitu kipite, akadakia kutoka uani kwake: "Mama Zawadi, mfuate mtoto! Au unataka uende na ile mizani yako ya majani ya chai ukapime gitaa lina kilo ngapi?" Nikaona aibu, nikakubali.

Lakini si kwamba Mzee Kalebu nilikuwa simjui. Nani huku juu hamjui? Nyimbo za kulima na kuvuna za vilima vyetu yeye ndiye aliyezipa gitaa la umeme na ngoma nzito, na nyingine akazitunga mwenyewe, mpaka zikapigwa redioni na katika kila arusi. Na huo wimbo wake mkubwa, "Mwanzi Unalia", umeusikia tangu ukiwa mgongoni. Ulidhani siupendi kwa sababu mama yako ni mtu wa tenzi za kanisani tu. Nilikuwa na sababu nyingine. Nitaifikia.

Basi tukaenda. Nilikuwa sijaingia ghala lile karibu na stesheni tangu lilipokuwa la mahindi. Wamepaka rangi, wamepanga viti vya plastiki, lakini harufu ya magunia ipo palepale, na upepo wa Makambako unapita chini ya mlango kama zamani. Nilitegemea kumwona mtu wa suti ya kung'aa. Akatoka mzee mwembamba, kofia ya sufu mpaka masikioni, koti la kiume la baridi, gitaa limening'inia kifuani kama mtoto aliyebebwa mbele. Akauweka mguu mmoja juu ya kreti la soda.

"Kamwene, Makambako!"

"Kamwene!"

"Mmenenepa. Mara ya mwisho kuja hapa mlikuwa wembamba kama nguzo za simu."

"Na wewe ulikuwa na nywele!" akapaza sauti mtu wa nyuma.

"Nilizipeleka kwa fundi, hajarudisha."

Ulicheka mpaka ukaniegemea. Nikaona vizuri, mtoto wangu ananiegemea hadharani. Nakuambia haya ili ujue kwamba mwanzo nilikuwa na furaha. Aliimba wimbo wa palizi, akaimba ule wa lori la mbao lililokwama, na sauti ilikuwa inakwaruza lakini haikukosea njia. Nilipiga makofi. Uliniangalia ukashangaa, nami nikajifanya napasha mikono joto.

Kisha watu wakaanza kudai, "Mwanzi! Mwanzi!" Akainua mkono.

"Huo nitaupiga. Lakini leo nataka kuwaambia kitu. Ule wimbo sikuutunga mimi. Niliuiba."

Watu wakacheka.

"Msicheke, ninaungama. Kanisani sijaungama, naungama kwenye ghala la mahindi."

"Basi turudishiwe viingilio!" alisema kijana wa mbele, na watu wakazidi kucheka.

Akaeleza kwamba ujanani alikuwa akizunguka vijijini na redio ya kaseti yenye kurekodi, anatafuta nyimbo. Alfajiri moja akiwa Matembwe alisikia mwanamke anaimba peke yake ndani ya mianzi, bondeni. Akasogea taratibu, akabonyeza. "Yule mama aliponiona alininyanyulia kisu cha kugemea. Nilikimbia, kiatu kimoja nikakiacha kwenye matope. Jina lake sikuwahi kulijua. Kwa miaka yote mmekuwa mkinisikia mimi. Leo msikilizeni mwenyewe." Akampa ishara yule dada wa ngoma, ambaye alikuwa na kompyuta ndogo pembeni, na spika ikaanza kuvuma kama mvua ya mbali.

Jogoo aliwika. Kisha tukasikia kisu kwenye mwanzi mbichi, mara mbili tatu. Kisha mtu akakohoa: kikohozi kifupi, halafu kirefu.

Zawadi, nilimjua kwa kikohozi kabla hajafungua mdomo. Alikuwa bibi yako.

Alikufa kabla hujazaliwa. Picha yake tunayo ile moja, amesimama na mtungi, jua limemmeza uso. Sauti yake hatukuwa nayo popote duniani, nilikuwa nimekwisha kuisahau, na sasa ilikuwa inatoka kwenye spika mbili nyeusi mbele ya watu wanaotafuna karanga. Aliimba Kikwetu. Kibena chako ni cha salamu na cha kuombea chumvi, kwa hiyo hukuelewa. Nakuandikia kwa Kiswahili, maneno yalikuwa haya:

Lia wewe, mwanzi, lia,
wewe ukilia hakuna anayegeuka.
Kadodo amebeba sanduku la baba yake,
kamba ameikaza mwenyewe.
Mimi nikilia atarudi,
akirudi atakuwa kama mimi.
Lia wewe, mwanzi, chini palowe,
Kadodo afike.

Kadodo ni mimi. Maana yake kadogo. Hilo jina alikuwa akiniita yeye tu, na alipokufa hakuna aliyebaki wa kuniita hivyo. Hata baba yako hakulijua.

Mwanamke aliyekaa kulia kwangu akamnong'oneza mwenzake, "Masikini, ameachwa na bwana." Ndipo nilipoinuka. Uliniona ninapita kati ya viti, nikamkanyaga mtu, sikuomba radhi. Ulinifuata mpaka mlangoni ukauliza, "Mama, ni tumbo?" Nikasema, "Katafute gari." Ukaenda kutafuta gari, ukaamini nimechukia muziki wako.

Sasa lazima nikurudishe nyuma, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini wimbo wa kunililia mimi umenipiga kama habari ya msiba.

Nimekuambia mara nyingi kwamba bibi yako alikuwa mkali, na kwamba hakuwa na muda wa mapenzi ya maneno. Sikukudanganya, ndivyo nilivyoamini. Alibaki mjane mimi nikiwa mdogo. Wazee wa kanisa walinung'unika mwanamke wa usharika kugema ulanzi, ile pombe ya mwanzi, na wanaume wa kilabuni walimcheka: "Yudita, basi kwea na msonobari ukatukatie mbao!" Asubuhi na jioni, msimu mzima wa mvua, alishuka bondeni na kisu. Ulanzi nao hauna sikukuu. Unakata ncha ya mwanzi mchanga, unatundika mbeta, kile kipande cha mwanzi mkavu cha kukingia, na kila asubuhi na jioni unarudi kuchonga ngozi nyembamba mahali palepale ili majimaji yaendelee kudondoka. Ukiruka, kidonda kinafunga na mwanzi hautoi tena. Nilijifunza kazi hiyo kabla sijajifunza kusoma. Sheria yake ya kwanza ilikuwa moja: usiguse mwanzi kwa kisu kabla mbeta haijakaa. Tone likianguka chini alikuwa ananipiga kofi la kisogoni. "Unamwagia nani? Panya?"

Siku niliyoondoka kwenda shule ya bweni ilikuwa Januari, mianzi inatoa kweli. Tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba lori la mbao litanichukua kule barabarani alfajiri. Niliamka, nikafunga sanduku la bati la marehemu baba, nikakaza kamba. Nikamtafuta mama. Hayupo ndani. Hayupo jikoni. Uji uko mekoni umefunikwa. Nikatoka uani, nikasikia bondeni kisu kinakata mwanzi.

Anagema. Siku ninayoondoka, anagema.

Nilisimama uani nikisubiri apande. Kisu kikaendelea. Sikumwita. Ningeweza kumwita, bonde si mbali, ningeweza hata kushuka. Nilisema moyoni: kama mianzi ni bora kuliko mimi, akae nayo. Nikajitwisha sanduku, nikapita njia ya juu mpaka barabarani, sikugeuka hata mara moja. Nilijivunia kwamba sikugeuka. Jioni ile shuleni nilianza shajara, na sentensi yangu ya kwanza kuandika maishani kwa hiari yangu mwenyewe ni hii, ninayo hapa: "Mama hakutoka. Alikuwa kwenye mianzi."

Kutoka hapo nilijenga nyumba nzima juu ya sentensi hiyo. Likizo nilirudi, tukalima, tukaenda kanisani, tukala sahani moja. Hakuna ugomvi. Lakini nilikuwa ninampa salamu na majibu, simpi habari. Wimbo wa "Mwanzi Unalia" ulipotoka, ukiwa umegeuzwa wa mapenzi, "lia mwanzi, mpenzi kaondoka", redio ya jirani iliupiga kutwa. Bibi yako alikuwa akiusikia anasema, "Mwambieni azime hicho kitu." Nikasema moyoni, hata furaha ya watu wengine inamuudhi.

Na arusi yangu. Hii hujawahi kuisikia. Baba yako alitafuta bendi kutoka Njombe mjini, na wimbo wa kutuingiza ukumbini ulikuwa huohuo. Tunaingia, watu wanapiga vigelegele, namwona mama yangu kwenye viti vya mbele anainuka, anajifunga kitenge, anatoka nje. Mama mzazi, kwenye arusi ya mwanawe wa pekee. Wakwe wakatazamana. Shangazi wa baba yako akaniinamia: "Mama yako ana nini?" Nikamjibu, "Ndivyo alivyo." Nikaucheza wimbo mpaka mwisho, kwa makusudi, huku natabasamu. Nilikuwa nacheza kilio chake mwenyewe, Zawadi, nimevaa shela, na yeye yuko nje kwenye baridi anakisikia kupitia ukutani. Hakusema. Angesemaje? Angelazimika kusema kwamba siku ile alilia.

Sijui nifanye nini na jambo hilo. Nimeliandika hapa, nikaenda kuchochea mkaa ndipo nikarudi.

Ulipokwenda kutafuta gari, nilizunguka nyuma ya ghala. Wimbo ulikuwa umekwisha, wamepumzika. Mzee Kalebu alikuwa amekaa juu ya kreti anakunywa chai ya rangi. Ni mkubwa kwangu sana, lakini sikumpa shikamoo. Nilisema, "Yule mwanamke ana jina."

Akainua uso. "Mama?"

"Anaitwa Yudita. Alikuwa ni mama yangu. Ulimchukua bila hodi, ukampeleka kwenye madisko, ukamfanya mwanamke aliyeachwa na bwana."

Nilitegemea ajitetee. Aliweka kikombe chini. "Ndiyo," akasema. "Wenye bendi waliniambia wimbo wa mama hauchezeki, wa mpenzi ndio unachezeka. Nikabadilisha. Nilirudi Matembwe baadaye kumtafuta, nikaambiwa mwanamke mgema amekwisha kufariki. Nikasema basi, hakuna wa kumwomba radhi." Kisha akaniuliza, "Kadodo ni nani?"

"Mimi."

Alivua kofia. Kichwa chake chote kilikuwa upara, akakaa hivyohivyo kwenye upepo.

"Basi nilikuona," akasema. "Ulipita njia ya juu, sanduku kichwani, sketi ya buluu. Hukugeuka."

"Yeye alikuwa anagema. Hakuwa na habari na mimi."

"Nani amekuambia alikuwa anagema?"

"Nilisikia kisu! Hata kwenye kaseti yako kimo."

"Dada yangu," akasema, na sasa alisema polepole kama mtu anayemvusha mwenzake mto, "mimi nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu na wewe hapa. Alikuwa anakuchungulia kwenye upenyo wa mianzi. Ukipotea kwenye kona anasogea mwanzi mwingine, akuone tena. Kila mwanzi aliofika aliukata. Hakukuwa na mbeta hata moja. Maji yalikuwa yanamwagika chini, miguu yake yote imelowa. Nilijiuliza huyu mama ana wazimu, mbona anaharibu mali yake. Mimi ni Mkinga, kwetu mianzi tunaijua. Ndiyo maana nilibonyeza kurekodi. Si kwa ajili ya sauti. Sauti zipo nyingi."

Zawadi, huwezi kujua uzito wa maneno hayo kwa sababu hukulelewa kwenye ulanzi. Mtu aliyekuwa ananipiga kofi kwa tone moja alipita bonde zima anakata mianzi yake bila kukinga, katikati ya msimu, ili nisikie kisu. Ili mimi niliyeko uani nidhani kuna kazi, nikasirike, nijitwike sanduku, niende. Kwetu walisema machozi ya mzazi humrudisha msafiri njiani, na yeye aliogopa ningerudi nikawa mgema kama yeye. Na sasa nakumbuka, likizo ile ya kwanza niliporudi nilikuta sehemu ya bonde mianzi imekauka ncha. Nikauliza kimetokea nini. Akasema, "Nguruwe pori." Nikaamini. Nguruwe pori hawana kisu, na mimi nilikuwa mtoto wa shule, nafundishwa kufikiri.

Mzee akatoa ndani ya koti kaseti imefungwa kwenye leso. Alisema nyingine ameihifadhi kwenye kompyuta, hii ya asili ni yangu. Kisha akauliza, "Nisiipige tena?" Swali hilo nimelifikiria siku hizi zote. Upande mmoja nataka dunia yote ijue jina lake. Upande mwingine namwona anajifunga kitenge anatoka ukumbini. Nilimwitikia tu "asante", nikaondoka, na shikamoo nikaisahau mara ya pili.

Kaseti iko kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni. Hatuna cha kuichezea. Mama Sara anasema fundi redio wa sokoni anayo mashine. Nilimwambia ni mahubiri ya zamani. Akaniangalia akasema, "Mahubiri gani hayo yanamfanya mtu atie sukari kwenye maharage?" Kumbe nilikuwa nimetia. Mlikula mkanyamaza.

Nikikutazama wewe ndipo mshtuko unanirudia upya, kwa sababu yeye alinificha machozi kwa sababu, na mimi nikarithi kuficha bila sababu. Siku uliyokwenda kidato cha kwanza nilikwenda kazini, nikawa napima majani ya watu na mkono wangu haukosei hata gramu, nikajisifu. Ulipokwenda chuo ulinitumia ujumbe, "Mama hukunisindikiza." Nikajibu, "Umefika salama?" Nilidhani ndivyo watoto wanavyokomaa. Nilidhani nilikomaa kwa sababu mama hakutoka. Sasa nimeambiwa alikuwa ametoka kuliko mama yeyote, na sijui tena kilichonikomaza ni nini.

Huko uendako utakuwa mwalimu. Utapata mtoto asiyekusalimu, mzazi asiyefika kikaoni, mwenzako anayekujibu kwa mkato. Labda kweli ni watu wabaya, wapo. Lakini shuka bondeni uangalie kama kuna mbeta. Mimi nilisimama uani, nikasikia, nikaandika, na kwa sababu niliandika na tarehe nikadhani ni ukweli. Nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza swali moja, "Mama, siku ile ulikuwa wapi?" Tulipukuchua mahindi pamoja, tulikaa naye hospitali. Nilikuwa namsomea Zaburi. Angenijibu au asingenijibu, lakini sikuuliza, na mwanzi usiochongwa kila siku hufunga. Nawe usiogope kuniuliza mimi. Nikikuambia kahesabu mashuka, uliza tena.

Nakusikia barabarani unaagana na mtu, kwa hiyo nimalize.

Nilikuambia kesho alfajiri nina zamu kituoni kwenye mizani ya chai, kwamba nitakuachia chai kwenye chupa na utakwenda stendi na Mama Sara. Zamu hiyo haipo. Nilikuwa nimejitungia kabla hata ya Jumamosi, kama nilivyozoea. Hii barua nitaichomeka kwenye mfuko wa mbele wa begi lako, utaikuta gari likiwa limekwisha kuondoka. Kwa hiyo utakapokuwa unasoma hapa, utakuwa umekwisha kuona jambo lililokushangaza pale stendi, na haya ndiyo maelezo yake: sikuugua, sijafiwa, sijakukasirikia. Yule mwanamke aliyesimama chini ya dirisha lako, mbele ya makondakta na wauza mayai, analia kwa sauti na hana hata kitambaa, ni mimi. Mimi sina mianzi. Nimelia mwenyewe.

Na kama hukushuka garini kunibembeleza, umefanya vema. Hivyo ndivyo bibi yako alivyotaka.

Fika, mwanangu.

Mama yako,
Kadodo